Kipimo Kabla ya Pampu

Tani moja ya machungwa ikitoka shambani huondoka na takribani kilo 1.8 za nitrojeni, kilo 3 na ushei za potashi, na gramu 1.4 tu za zinki. Boroni nayo haifiki gramu 3. Naomba msomaji aishike hesabu hii kabla ya kuingia duka lolote la pembejeo katikati ya Nairobi, maana ndani yake mna jibu la swali ambalo wauzaji na wakulima hulizungukia kila msimu: je, mbolea ya kupuliza kwenye majani, ile wengi waiitayo busta, huongeza mavuno ya machungwa na ubora wake? Jibu langu ni kwamba huongeza pale inapopeleka kitu ambacho mti unakihitaji kwa gramu na imethibitika kwamba umekikosa. Ikitwishwa mzigo wa kilo, inalemewa. Ikitumwa kuponya ugonjwa, inaleta hasara kubwa kuliko bei ya chupa.

Tuuchukue mchungwa mmoja uliokomaa, unaozaa kilo 100 kwa mwaka. Matunda yake yatabeba gramu 180 hivi za nitrojeni na zaidi ya gramu 300 za potashi, mbali na kile mti ulichotumia kujenga majani, matawi na mizizi. Mkulima ananunua mbolea ya unga ya 20-20-20, anachanganya gramu 50 katika pampu ya lita 20, na mti huo mmoja unapata nusu pampu. Hapo umepokea gramu 5 za nitrojeni, tena tukikubali kwamba hakuna tone lililodondoka chini. Kufikisha 180 kwa njia hiyo, itabidi apulize mara 36. Hata akitumia yuria peke yake kwa asilimia 1, ambacho ni kiwango kikali kwa jani la mchungwa, lita 10 zitaupa mti gramu 46, robo ya kile kilichoondoka na matunda. Sasa tugeukie zinki. Salfeti ya zinki kwa nusu asilimia, lita 10 kwa mti, huweka juu ya majani gramu 11 za zinki, ilhali matunda ya mti huo yamechukua sehemu ndogo ya gramu moja. Hata kama sehemu kubwa ya kile kilichopulizwa itabaki juu ya jani bila kuingia, mti utakuwa umepata haja yake. Pampu ni ile ile na jani ni lile lile. Kinachotofautiana ni ukubwa wa haja. Kwa hiyo anayesema mbolea ya majani haina maana amekosea, na anayesema inatosha badala ya samadi na mbolea ya udongoni amekosea zaidi.

Kwamba jani linaweza kula si jambo la kubishaniwa tena. Mwaka 1844 Mfaransa Eusèbe Gris alikuwa ameshaonyesha kwamba majani yaliyopauka kwa kukosa chuma hurudi kijani yakipakwa maji ya salfeti ya chuma. Katika miaka ya 1930 watafiti wa California, miongoni mwao William Chandler, waligundua kwamba maradhi ya miti ya matunda yaliyowasumbua wakulima kwa miaka mingi, yakiyafanya majani kuwa madogo na yenye madoa ya njano, hayakuwa maradhi ya vijidudu bali njaa ya zinki. Michungwa iliyokuwa ikififia ilipopulizwa zinki ikachipua upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Harold Tukey na Sylvan Wittwer wa Michigan walitumia elementi zenye mnururisho kufuata safari ya virutubisho kutoka juu ya jani hadi ndani ya mmea, na ushahidi wao ukawa wa wazi kabisa. Ila ushahidi huo umebebwa vibaya tangu wakati ule. Kuthibitisha kwamba chembe za kirutubisho hupenya jani ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba kinachopenya kinatosha kuubebesha mti matunda ni jambo jingine kabisa. Vijikaratasi vingi vya matangazo huanza na la kwanza na kumalizia na la pili kana kwamba hakuna pengo kati yake.

Jani la mchungwa lenyewe lina masharti yake. Juu limefunikwa nta, na vitundu vyake vya kupumulia viko upande wa chini, kwa hiyo anayepuliza kutoka juu tu, akitazama majani yaking'aa, ameacha mlango ulio bora. Jani changa hupokea kuliko jani kongwe. Tone likikauka upesi, kilichomo hubaki kama vumbi, na ndiyo sababu kupuliza saa saba mchana juani ni kutupa pesa, wakati asubuhi na mapema au jioni tone hukaa likiwa bichi kwa muda. Baada ya kuingia, virutubisho haviendi mwendo mmoja. Nitrojeni na potasiamu husafiri hadi kwenye ua na tunda. Zinki hutembea kidogo sana, na kalsiamu karibu haitoki pale ilipoingilia. Zinki iliyowekwa kwenye majani ya msimu huu haitayalisha machipukizi ya msimu ujao, na kalsiamu iliyopulizwa kwenye majani haihamii kwenye tunda. Ndiyo maana pendekezo la kawaida ni kupuliza zinki wakati majani ya chipukizi jipya yamefikia theluthi mbili ya ukubwa wake: yametanuka vya kutosha kushika dawa, na nta yake bado nyembamba.

Kwa nini basi zinki ikosekane, ikiwa haja yenyewe ni ndogo kiasi hicho? Kwa sababu kuwepo ardhini ni tofauti na kupatikana kwa mzizi. Udongo ukielekea kwenye magadi, zinki, chuma na manganizi hufungwa na mti hushindwa kuvinyonya. Wakazi wa magharibi mwa jiji wanaohudumia miti michache ya machungwa na ndimu nyuma ya nyumba, kuanzia Karen hadi Lavington na Loresho, wana sababu ya pekee ya kulizingatia hili. Udongo mwekundu wa sehemu hizo kwa asili una asidi kiasi, kwa hiyo si wa kufunga zinki kwa njia hiyo. Lakini nyumba nyingi hutumia maji ya visima virefu, na maji ya chini ya ardhi ya Nairobi yanajulikana kwa floridi na pia kwa bikaboneti nyingi. Mti ukimwagiliwa maji hayo mwaka baada ya mwaka, udongo unaouzunguka hubadilika polepole, na majani machanga huanza kuwa ya njano kati ya mishipa iliyobaki kijani. Hapo kupuliza zinki na manganizi kuna hoja, maana kunaukwepa udongo uliofunga. Ila ni vyema kujua pia kwamba maji hayo hayo ya kisima yakitiwa ndani ya pampu huweza kuigandisha zinki kabla haijafika kwenye jani. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi ndiyo ya kuchanganyia.

Hoja ya udongo mbovu hutumiwa kutetea busta kwa kila jambo: udongo wetu umechoka, husema watetezi, basi tuuache tuulishe mti kupitia majani. Naikubali nusu ya kwanza tu. Kabete, katika kituo cha Maabara ya Kitaifa ya Utafiti wa Kilimo kando ya Waiyaki Way, kuna jaribio la muda mrefu lililoanza mwaka 1976 juu ya udongo mwekundu huo huo, kwa mahindi na maharagwe. Kwa miongo kadhaa limeonyesha kwamba mboji ya ardhini hupungua ardhi ikilimwa mfululizo, na kwamba samadi pamoja na mbolea ya dukani huhifadhi mavuno kuliko kimoja chake kikiwa peke yake. Hayo ni mahindi, si michungwa, na mti wenye mizizi mirefu una uvumilivu ambao muhindi hauna. Hata hivyo, kilo za nitrojeni na potashi zinazoondoka na magunia ya machungwa kutoka Makueni, Kilifi au Muheza kule Tanga kuja mjini lazima zirudishwe ardhini kwa kilo. Udongo uliochoka haupumzishwi kwa kuupita juu.

Kuna kirutubisho kimoja cha kilo ambacho hata hivyo kimepata nafasi ya haki kwenye jani, na mpinzani makini angekitaja: nitrojeni, kwa njia ya yuria. Carol Lovatt na mwenzake wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, kwamba yuria iliyopulizwa kwenye majani ya michungwa ya Washington Navel wakati wa kipupwe, wiki kadhaa kabla ya maua, iliongeza mavuno. Hapa yuria haikuwa chakula cha mwaka mzima. Ilikuwa kiasi kidogo kilichofika siku ambayo mti unaamua idadi ya maua yake, wakati mizizi iliyo katika udongo wa baridi haifanyi kazi sawasawa. Faida ilitokana na wakati zaidi ya wingi. Mkulima wa Kenya anayenakili kalenda hiyo atajikwaa, kwa kuwa kwetu si baridi inayouamsha mchungwa utoe maua bali kiangazi kinachofuatwa na mvua, na mvua zenyewe ni mara mbili, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Kinachofaa kuigwa ni kanuni: hesabu kutoka siku unayotarajia maua, rudi nyuma wiki kadhaa, na usipulize mti ambao majani yake yameshanyauka kwa kiu, maana jani lililojikunja halipokei. Na yuria iwe ile yenye kemikali ya baiureti isiyozidi asilimia 0.25. Yuria ya kawaida ya kukuzia mahindi huweza kuwa na kiasi mara nne ya hicho, na baiureti huchoma ncha za majani ya mchungwa.

Mavuno ni upande mmoja. Ubora ni mwingine, na hapa soko la Nairobi lina sauti yake. Marikiti, na vivyo hivyo Kangemi na Kawangware, chungwa huuzwa kwa kipande, na bei hufuata ukubwa. Potasiamu huongeza ukubwa wa tunda. Hilo limeonyeshwa mara nyingi katika nchi zinazokuza machungwa kwa wingi, na naitreti ya potasiamu iliyopulizwa matunda yakiwa machanga imepata wafuasi kwa sababu hiyo. Lakini potasiamu ikizidi, tunda huwa kubwa lenye ganda nene na juisi kali. Nitrojeni ikizidi, ganda huwa nene vilevile na rangi huchelewa. Mama anayekamua juisi kibandani Westlands hupima chungwa kwa glasi, na ganda halijazi glasi. Nikiambiwa kwamba busta fulani "huongeza ubora", huuliza ubora wa nani: wa anayenunua kwa macho, au wa anayekunywa?

Rangi ndiyo ahadi nisiyoikubali hata kidogo. Machungwa ya Tanga hufika Nairobi yakiwa ya kijani, yameiva, yana maji tele, na wachuuzi wa jiji wanajua hivyo. Kijani hicho hakitokani na njaa ya mti. Ganda la chungwa hupoteza kijani usiku ukiwa wa baridi, chini ya nyuzi 13 hivi, na Pwani haina usiku wa namna hiyo. Machungwa ya Misri na Afrika Kusini yaliyopangwa kwenye rafu za supamaketi yamepata rangi kutokana na kipupwe cha kwao. Hakuna mchanganyiko wa virutubisho utakaoleta kipupwe Muheza, na muuzaji anayeahidi rangi ya Misri kwa mkulima wa Pwani anauza kitu asicho nacho.

Mkulima atajibu kwamba ameona kwa macho yake: alipuliza, majani yakawa kijani, na mwaka huo akavuna kuliko uliopita. Simwambii kwamba hakuona. Namuuliza mvua ilikuwaje mwaka huo, na mti ulizaa kiasi gani mwaka uliotangulia, kwa sababu mchungwa una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kujipumzisha unaofuata. Anayepuliza baada ya mwaka mbaya ana nafasi kubwa ya kuona mwaka mzuri, awe amepuliza mbolea au maji matupu. Dawa ya utata huu ni rahisi na haihitaji shahada. Acha mistari michache bila kupuliza, au ipulize maji peke yake, kisha hesabu matunda na uyapime kwa mizani pande zote mbili, kwa misimu miwili au zaidi. Ikiwa tofauti haionekani kwenye mizani, pesa ya busta irudi kwenye samadi.

Nimeuacha ugonjwa hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndio unaonifanya nilishikilie jambo hili kwa nguvu. Griningi ya Afrika husababishwa na bakteria iitwayo Candidatus Liberibacter africanus, na huenezwa na mdudu mdogo afyonzaye utomvu, Trioza erytreae. Bakteria na mdudu wote hupenda ubaridi wa nyanda za juu, na ugonjwa huo umechangia pakubwa kuimaliza michungwa ya nyanda za juu za Kenya na kusukuma kilimo chake kwenda maeneo ya joto kama Makueni na Pwani. Kabete na vitongoji vya magharibi vya Nairobi, vyenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, vimo ndani kabisa ya makao yake. Isitoshe, mdudu wa Asia, Diaphorina citri, anayestahimili joto na kueneza griningi iliyo kali zaidi, ameripotiwa Tanzania na pia katika Pwani ya Kenya tangu katikati ya miaka ya 2010. Mti wenye griningi hupata majani ya njano, tena mara nyingi yenye sura ya njaa ya zinki, maana ugonjwa hukwamisha mishipa inayosafirisha chakula. Mwenye mti hupuliza zinki, majani hupata nafuu kidogo, naye huridhika. Kwa miezi hiyo yote mti unaendelea kuwa hifadhi ya bakteria, na wadudu wanaendelea kuibeba hadi kwa jirani.

Florida imelipia somo hili kwa bei isiyosemeka. Griningi ya Asia iligunduliwa huko mwaka 2005. Wakulima wengi, wakiogopa kung'oa miti, walishika mchanganyiko mzito wa virutubisho vya majani, na kwa macho miti ilionekana kupata nafuu. Mwaka 2012 Tim Gottwald na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya shambani: virutubisho havikupunguza bakteria, havikuzuia ugonjwa kuenea, wala havikuboresha matunda kwa kiasi cha maana. Jimbo lililovuna masanduku milioni 242 ya machungwa msimu wa 2003/04 lilivuna chini ya milioni 16 msimu wa 2022/23. Vimbunga vina sehemu yake katika anguko hilo, lakini griningi ndiyo iliyolivunja. Wapo watafiti wanaosema kwamba lishe nzuri ya mara kwa mara, hasa ya mizizini, huusaidia mti mgonjwa kuzaa kwa muda zaidi, na katika jimbo ambalo karibu kila mti umeambukizwa hoja hiyo ina uzito. Kwetu, ambako bado kuna mashamba safi ya kulindwa, haina.

Kutofautisha njaa na ugonjwa kunawezekana kwa kiasi bila maabara. Njaa ya zinki huonekana kwenye majani machanga, ambayo huwa madogo na membamba, na njano yake iko sawa kushoto na kulia kwa mshipa wa kati. Griningi hutia mabaka yasiyolingana, yanayovuka mishipa, na mara nyingi huanza kwenye tawi moja. Chora kwa kalamu duara mbili zinazokabiliana kila upande wa mshipa. Rangi ndani ya duara hizo zikitofautiana waziwazi, shuku ugonjwa. Matunda yake huwa madogo, yamepinda upande, machungu, na yenye mbegu zilizosinyaa. Uhakika kamili hupatikana maabarani tu, na mti uliothibitishwa ung'olewe.

Pingamizi la mwisho, dhidi ya kupima majani maabarani kabla ya kupuliza, ni gharama, nami nalipa uzito unaostahili. Mkulima mwenye miti 30 huona kipimo cha majani kuwa anasa, na busta ni ya bei nafuu na iko dukani leo. Lakini kipimo hulipwa mara moja, na busta hulipwa kila msimu, kwa miaka. Wakulima wa kijiji kimoja, wenye udongo mmoja na aina moja ya mchungwa, wanaweza kuchangia kipimo kimoja na kukitumia wote. Sakata la mbolea ghushi la mwaka 2024, lililofika hadi Bunge la Kitaifa, lilionyesha pia kwamba maandishi ya mfuko hayatoshi kumwambia mtu kilichomo. Na umbali si kisingizio kwa anayekuja mjini kununua: kutoka maduka ya pembejeo ya katikati ya jiji hadi maabara ya Kabete ni safari ya matatu moja, kupitia Westlands na Kangemi.

Basi kabla ya kununua chupa inayofuata, chuma majani. Yawe ya umri wa miezi 4 hadi 6, kutoka vijitawi visivyo na tunda, kwenye miti 20 hivi, pande zote nne za mti, na yawe hayajapulizwa kitu. Yatie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, uyafikishe maabara haraka. Majibu yakirudi, tazama kwanza mstari wa zinki: ikiwa chini ya miligramu 25 kwa kilo ya majani makavu, jaza pampu. Ikiwa zinki na virutubisho vingine vidogo vimetosha, nunua samadi.